Florent mu udongo wa ziwa

Katungu! Uko? Kaa chini kwanza.

Kaka yangu Florent ametuaibisha leo. Si unajua Mama Nyirakamana bado hajakubali Florent amuoe binti yake Munezero? Basi, ili amufurahishe mama, akawapeleka wote ku lile shimo la zamani la udongo wa matofali. Lilijaa maji, sasa wanaita ziwa, watu wanaenda kupiga foto.

Akavaa costume nyeupe, koti na suruali. NYEUPE, Katungu! Ku udongo!

Munezero anashika telefone. Florent: "Ngoja nirudi nyuma kidogo, ziwa lionekane." Akarudi, akarudi… pwaa! Udongo ukamushika mpaka magoti. Akivuta mguu, anazidi kuzama. "Mama, nakufa!" Maji yenyewe hata kiuno hayafiki! Eti, nakufa!

Sasa Mama Nyirakamana, mwenye alikanyanga udongo wa matofali pale pale akiwa musichana, akakunja kitenge, akaingia, akamung'oa kama muhogo, akamubeba ku mugongo. Mwanaume muzima, na ndevu zake!

Florent anajua ndoa imekufa.

Mama akamutua, akapanguza mikono: "Mwenye nimebeba ku mugongo ni mutoto wangu. Wazee wenu wakuje tuongee mahari."