Vitalis Wetu, Uliyekuwa Bwana Ngozi

Mwaka umetimia, Vitalis, tangu ulipotutoka mwezi wa Novemba, mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza. Kiti chako bado kipo mlangoni pale Buguruni. Mgeni akitaka kukikalia tunamsogezea kingine.

Ulikuwa mtu wa kuwaamkia wazee wote wa mtaa, hata wale wasiopenda kuitikia. Sahani ikiwekwa mbele yako ulikuwa unauliza kwanza nani hajala. Kazi yako ya kurekodi kanda dukani kwa Bwana Harshad, pale Kariakoo, uliipenda kupita kiasi. Yeye anasema hajapata tena kijana anayeweza kusikia kanda inataka kukwama kabla haijakwama. Mkewe, Mama Bharti, aliyezoea kukuletea chai ya tangawizi, mpaka leo muziki ukianza anageuka kutazama mlangoni, maana ulikuwa unacheza palepale kizingitini na wateja wanasubiri.

Hayo tuliyasema siku ya mazishi. Leo tunasema lile ambalo hatukulisema.

Bwana Ngozi ni wewe. Yule mwimbaji na mcheza shoo aliyefunika uso, ambaye picha yake iko kwenye kanda zinazouzwa kutoka Kariakoo mpaka Mtwara, aliyekuwa anajaza ukumbi kila Jumapili mchana. Magazeti haya mapya yaliandika kwamba ni Mzaire aliyetoroka bendi yake. Mengine yalisema uso wake uliungua moto, na kuna lililoapa kuwa ni mwanamke. Ulikuwa ukimsomea dada yako Selina, huku umeshika mbavu kwa kucheka. Uso ule uliushona mwenyewe, kwa ngozi ya mikoba ya mitumba, ukautia chale za uzi mweusi mfano wa sura za mapiko, vile vinyago vya kuvaa ngomani, ulizoziona Newala ulipokuwa mdogo.

Kwetu Newala, mapiko yakitoka kucheza, mwanamke hasemi aliyejifunika ile sura ni nani. Hata kama amemtambua mumewe kwa nyayo, atakimbia na wenzake, atapiga kelele, atasema simjui. Ndiyo heshima, na mama yako alikulia humo.

Kwa hiyo nyumbani Bwana Ngozi alikuwa mtu mwingine kabisa. Ulikuwa unarudi na doti ya kanga, unamwambia mama yako, "Mama, kuna bwana mmoja kanituma nikupe hii." Naye anakujibu, "Mwambie nimeshukuru. Ila apunguze kurukaruka, kiuno si cha kukodi." Unacheka mpaka unaingia kuoga. Ndivyo mlivyokuwa mnapendana.

Halafu ikaja ile siku ya Mtaa wa Msimbazi. Mama yako alikuwa anatoka kanisani na kina mama wenzake wa WAWATA, sare zao zimenyooka. Pikapu yenye spika ikasimama kutangaza kanda yako mpya, nawe juu yake unacheza. Ukamwona. Ukashuka, watu wakakupisha, ukaja ukapiga goti mbele yake katikati ya barabara. Mama mmoja akamgusa bega.

"Mama Vitalis, unamjua huyu?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Akageuza uso, akaondoka.

Ingekuwa Newala, hilo lingekuwa jibu lenyewe, na mama yako amelishikilia hilo tangu tulipokuzika. Lakini siku ile hakuikumbuka Newala. Aliona macho ya wenzake, akaona kiuno chako kinavyozunguka mbele za watu wa kanisa, akaona aibu. Mila aliikumbuka baadaye, alipokuwa anatafuta pa kujificha. Wewe ulijua. Ulimwambia Selina kwamba kwetu mwanamke akisema simjui macho yake yanacheka, na ya mama hayakucheka.

Tangu siku ile yule bwana hakutuma kanga tena.

Jumapili yako ya mwisho uliamka na homa. Ulikuwa unatetemeka, uji umekushinda, na bado ukauchukua ule mfuko wa kutilia uso wako wa ngozi. Mama yako akakuuliza unakwenda wapi. Ukasema unakwenda kumwona rafiki. Alijua unakokwenda, Vitalis. Mkono alishaunyoosha akushike. Lakini ili akuzuie usicheze ilibidi aseme kwamba anakujua, na neno hilo alishalikana barabarani, likamkwama. Akasema, "Haya, usichelewe."

Ulianguka wimbo wa pili. Promota wako, Anuari, akaamuru ubebwe nyuma ya jukwaa vivyo hivyo, uso umefunikwa, watu wasije wakakuona. Wakawa wanakupepea juu ya ngozi. Bwana Harshad, aliyekuwa mlangoni anauza kanda, ndiye aliyeingia akakata uzi wa ile ngozi kwa kisu. Kulipokucha ulikuwa umeshatuacha.

Msibani Anuari alikuja na mchele na maneno laini. Alituomba tusimtaje Bwana Ngozi, eti tutawaumiza mashabiki. Tukakubali haraka, kwa sababu hata sisi tulitaka iwe hivyo. Padre akaambiwa marehemu alikuwa mfanyakazi wa duka. Arobaini haijafika, Bwana Ngozi yuko jukwaani tena, wamemshonea ngozi mpya, watu wanashangilia. Kijana wa jirani alikuja mbio kumwambia mama yako kwamba Bwana Ngozi katoka na mtindo mpya. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akaendelea kumenya.

Selina amekwenda kumtazama huyo aliyemo sasa. Anasema magoti yake ni magumu, ila anajitahidi. Hatumlaumu. Naye katoka nyumbani kwa watu.

Ndiyo maana tumeandika haya gazetini, tukijua kuna watakaotucheka. Mama wa kijana huyo, hatukufahamu, lakini wewe unafahamu ni wako. Kijana mrefu, mguu wa kulia ndio unaotangulia. Usingoje akwambie. Usiangalie nani kasimama karibu yako. Siku ukimwona anatetemeka na mfuko mkononi, simama mlangoni umwite kwa jina ulilompa, umwambie najua unakokwenda, leo huendi. Akikasirika, atakasirika akiwa hai.

Mjomba wako Ignasi alikuja toka Newala tukamsomea haya kabla hatujayapeleka gazetini. Alitaka tumsomee tena, maana yeye ndiye aliyekucheza jandoni, na kumtaja aliyejifunika sura si jambo dogo kwake. Kisha akasema, "Mapiko yana wenyewe wa kuyalinda. Huyu alikuwa peke yake. Andikeni."

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi parokiani Buguruni. Ndugu na marafiki mnakaribishwa, na ninyi mashabiki wa Bwana Ngozi njooni pia, msijifiche nyuma.

Unakumbukwa na dada yako Selina, mjomba wako Ignasi na ndugu wote wa Newala, Bwana Harshad na Mama Bharti wa Kariakoo, majirani wa Buguruni, na mama yako, Scholastika, ambaye kila akipita Msimbazi hupunguza mwendo pale ulipopiga goti.

Watu wanapita, hakuna anayemuuliza kitu. Hata hivyo yeye hujibu, kwa sauti, na wanaogeuka wageuke: "Namjua. Ni Vitalis, mwanangu."

Jina lako halitatutoka mdomoni, siku zote tulizobakiza.