Kiganja cha Mama Ukutani

Jumapili, 1 Juni 2025

Baada ya misa nilipita nyuma ya kanisa kama kawaida. Alama za viganja bado zipo sehemu ya chini ya ukuta, upande unaotazama mto. Niliweka mkono wangu ndani ya kiganja cha Mama. Vidole vyangu karibu vinafika mwisho. Sikufurahi. Nilitaka mkono wake ubaki mkubwa kuliko wangu.

Nilikuwa na miaka mitano siku ile ya salongo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Parokia nzima ilikuja kufunika matofali ya zamani, yalikuwa yameanza kulika. Papa, baba yangu, alichanganya saruji, akina mama wa kwaya wakabeba maji. Mwishoni kila mmoja alibandika mkono kabla haijakauka. Mpaka leo watu wanamtania Mama Solange wa kwaya kwamba chake si kiganja, ni sahani ya fufu!

Mama alifariki mwaka juzi. Simu yenye picha zake iliibwa sokoni.

Jumatano, 4 Juni

Kazi ya kutengeneza ukuta wa nje imeanza, na Papa ni mmoja wa waashi. Anaivaa kazini fulana ya matanga, ile yenye picha ya Mama. Imefuliwa mno. Yamebaki macho tu.

Mkubwa wao ni Injinia Hugues, mgeni kutoka Bukavu. Aligonga saruji yetu, ikalia kama mtungi mtupu. Alieleza kwamba wazee waliojenga walitumia chokaa, na tofali la zamani linataka kupumua. Saruji inafungia maji ndani, tofali linaoza. Kwa hiyo yote itabanduliwa.

Na sisi tulidhani tunaliponya kanisa.



Alhamisi, 5 Juni

Tukila sombe nilimwuliza Papa kama ile sehemu ya viganja haiwezi kuachwa. Alitafuna kwa muda mrefu. Akasema injinia amemwonea huruma, amekubali iachwe. Ni Papa mwenyewe amekataa! Amechungulia pembeni: nyuma ya viganja tofali limekuwa kama uji. Mvua kubwa ikija, kipande chote kitaanguka pamoja na ukuta.

— Ukuta haina kosa, Larissa, alisema. Ni miye nilichanganyaka ile ciment.

Halafu alitoka nje kuosha sahani yake. Papa haoshagi sahani.

Ijumaa, 6 Juni

Leo wamefika kwenye viganja. Vinatoka vipande vipande. Mama Solange alikuja kuona chake, akacheka, akasema hata ukuta umechoka kumbeba. Kisha aliokota kipande chenye kidole gumba, akakifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Akapanda pikipiki ya motari bila kuaga mtu.

Cha Mama bado. Hakuna anayekigusa.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika hapahapa, nimekaa juu ya rundo la matofali. Kesho ni Pentekoste. Papa aliwaambia wenzake waende kula, kiganja hiki atakitoa peke yake. Amechukua tindo ndogo. Anakata kuzunguka, taratibu, anataka kitoke kizima. Amevua fulana ya matanga, ameikunja mara nyingi na kuilaza chini ili kikianguka kiangukie pale. Mgongo wake umekonda, sikuwa nimeona.

Pande tatu zimeachia. Umebaki wa juu tu.

Lakini kuna ufa. Ulianzia kwenye kidole kidogo, nilidhani ni uzi wa buibui. Sasa umefika katikati. Papa ameuona pia, amesimama. Nilimwambia tuache, Papa, tukifunike tu. Akatikisa kichwa. Alisema usiku mvua ilinyesha, nyuma maji yanatoka, leo au kesho kitaanguka chenyewe na hakuna atakayekuwepo kukipokea.

— Kuja, alisema. Tia mukono yako palepale pa mama yako. Ushikilie, usisukume. Miye nikate ya juu.

Kwanza anakunywa maji. Anakunywa polepole sana.

Nimejaribu kuuweka mkono, bila nguvu. Saruji ina joto la jua. Vidole vyangu vinaenea sawasawa, hata gumba — ila chini ya kidole kidogo nasikia ufa unakwaruza.

Papa ameweka chupa chini. Ameshika nyundo, ananitazama — naweka daftari chini.