Nyumba Uliyosema Ibebwe

Shemeji yangu Zefania,

Shikamoo. Hiyo ni haki ya umri wako na naitoa yote. Yanayofuata ni haki yangu. Barua hii sikuifunga. Itatoka huku milimani Gonja ifike Makanya kwa mikono ya watu, mmoja akimwachia mwingine, na kila atakayeibeba, akipenda, aisome.

Nakukumbuka siku ya arusi yetu. Ulipanda mlima umejitwika mfuko wa chumvi, ukaniambia, "Mdogo wangu Mbonea ni mpole mno. Usimwache aonewe." Nilicheka, nikidhani ni maneno ya arusi. Elinami alipozaliwa, wewe ndiye ndugu wa kwanza kumpakata, na alipokua kidogo wewe ndiye uliyemfundisha kupiga mluzi kwa jani. Nayaandika haya usije ukasema nilikuchukia tangu mwanzo. Nilikupenda kama kaka yangu wa tumbo moja, ndiyo maana kisu chako kilifika mfupani.

Baba mkwe alitupa kiwanja chini ya mfereji, mwaka ule vijana walipoanza kurudi kutoka vita vya Burma. Tulikuwa na watoto watatu na hatukuwa na fundi. Mbonea alikuwa mtu wa kahawa. Jembe alilijua, msumeno hakuujua. Tukasema tutajenga wenyewe. Ulipokuja kututazama ulisimama umeshika kiuno. "Hii itakuwa nyumba au kichuguu?"

Hukukosea sana. Ukuta wa kwanza ulianguka wote kwenye masika, ukalalia migomba. Tukaanza upya. Udongo wa pale ulikuwa na mchanga mwingi, hivyo tuliuchota kwa mjomba wangu, ng'ambo ya bonde, kikapu baada ya kikapu. Elinami na Namsifu waliukanyaga wakiimba, na Kiure, aliyekuwa bado mchanga, akalala pembeni mwa shimo na tope hadi masikioni. Mbonea alipasua mbao za mti ulioangushwa na upepo, akatengeneza mlango wenye bawaba za ngozi ya ng'ombe. Alipoufunga ndipo tukaona unafunguka kwa nje, na anayetaka kuingia sharti kwanza arudi nyuma kama anayeaga. Tuliuacha hivyohivyo. Kuta nilizikandika mwenyewe, mtoto mgongoni. Kahawa ilipouzwa tukaezeka mabati. Mvua ya kwanza ilipolipiga bati, watoto walitaka kusikiliza tu, hata chakula hawakukigusa.

Kisha baba mkwe akafariki. Kabla majani hayajaota kaburini ukapanda mlima, umeichoka Makanya na jua lake, umechumbia mke mpya baada ya kufiwa na wa kwanza. Ukawaita wazee, ukasema kiwanja ni cha mzaliwa wa kwanza.

Mbonea akasema, "Kaka, baba alitupa mbele yako."

Ukamjibu bila kumtazama. "Alikuazima. Mzee sasa ni mimi."

Mzee mmoja akauliza, "Na nyumba waliyoijenga je?"

Maneno yako ninayo mpaka leo. "Nani aliwatuma wajenge? Mimi sikutia hata ufito mmoja. Cha kwao na wakibebe, kama nyumba hubebwa."

Watu wako wakacheka. Wazee wakatupa muda mpaka kahawa ivunwe, nawe ukashuka zako, ukijua hakuna abebaye nyumba, na kwamba utakuja kumwingiza bibi arusi kwenye kuta nilizozikandika mimi.

Siku hiyohiyo nilimwambia Mbonea, "Tutaibeba."

"Mama Elinami, yule ni kaka yangu."

"Kaka yako amesema mbele ya wazee. Wewe ni nani hata umkatalie?"

Akainuka akaenda kuazima ngazi.

Mjomba wangu alitukatia sehemu palepale tulipochota udongo. Nikaita msaragambo, watu wakaja kusaidia kazi, wengine kwa upendo, wengine, nasema kweli, kwa hamu ya kuuona uso wako siku utakaporudi. Tulishusha mabati. Elinami alinyoosha misumari juu ya jiwe, mmoja mmoja. Tuling'oa nguzo, tukafungua fito. Mlango, Mbonea aliubeba peke yake, hakutaka mtu amsaidie. Jirani akasema, tope basi tuliache. Nikakataa. Tope lilikuwa la mjomba wangu. Tulilivunja, tukalipakia vikapuni, likarudi lilikotoka. Watu wakicheka, Namsifu alikuwa analia. Alidhani tunabomoa nyumba kwa sababu yeye amekosa. Nilimfuta uso kwa mikono yenye udongo nikaapa chozi lile nitakuletea. Leo ndiyo nakuletea.

Siku uliyokuja niliacha kazi zangu zote nikasimama ng'ambo na wanangu. Nilimwona punda na mizigo, nikamwona bibi arusi na shangazi zake, nikakuona wewe umesimama katikati ya mashimo ya nguzo. Sauti yako ilivuka bonde. "Nyumba iko wapi?"

Bibi kizee jirani alikuwa anapura maharage. Hakuinua hata kichwa. "Si ulisema ibebwe? Imebebwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mbonea hakucheka. Alikwenda nyuma akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Ulikwenda hadi Same kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Nimesimuliwa kwamba Mzungu alikuuliza swali moja tu, nyumba aliijenga nani, nawe ukarudi mikono mitupu. Ukaita msaragambo wako, hakuja mtu. Ukaleta fundi wa tambarare asiyezijua mvua zetu, akajenga kwa udongo uleule wenye mchanga. Ningeweza kukuonya. Nilikuwa napalilia huku nikiutazama ule ukuta ukinenepa, na sikusema neno. Masika yakauchukua. Bibi arusi alishuka mlima kabla yako.

Sasa mwinjilisti amenifikishia salamu zako. Kifua kinakusumbua, uko peke yako, kiwanja unaturudishia, na unataka kuja Krismasi ukae kwa mdogo wako. Mbonea aliposikia alilia mbele ya watoto. Yeye amekusamehe, nadhani alikusamehe siku ileile, mlango ukiwa mgongoni. Mwinjilisti akaniuliza, na mimi je? Nikamwambia kila Jumapili naomba niweze kukusamehe, na kila Jumapili, kabla ya kufika "Amina", nakuona umeshika kiuno unacheka, na inabidi nianze upya.

Kiwanja hatukitaki. Kimeota magugu na mbuzi wa yule bibi wanakipenda. Asubuhi jua likilipiga bati letu, mng'ao wake unaangukia palepale kwenye mashimo yako. Sikukusudia iwe hivyo, lakini kila siku nautazama na chai yangu inakuwa tamu.

Basi njoo. Elinami ni mwari sasa, atakupokea mzigo njiani. Watoto watakuamkia, nimewafunza adabu. Utakula makande ya moto, na dawa ya kifua nitakuchemshia mwenyewe, maana sitaki ufe kabla hujaketi kwangu. Mbonea amekutengenezea kiti. Siku hizi ameujua ufundi. Miguu yake yote minne inakaa sawa. Alikiweka ndani, karibu na meko. Nikakitoa nje, penye mchirizi wa bati, mvua inapodondokea. Jana alikirudisha ndani. Leo, kabla sijakaa kukuandikia, nimekitoa tena.

Panda mlima taratibu, usikichoshe kifua.

Mke wa mdogo wako,
Mama Elinami