Nilifungua Masafa Yasiyo Yetu

Mpendwa Mama Rukiah, nisaidie kabla ya Ijumaa, siku ambayo klabu yetu hukutana, maana nimechoka kuongea na watu wasiosikia.

Niko kidato cha tatu, baba yangu ni polisi, na shuleni niko katika klabu ya redio, ambako tuna redio moja ya mkononi ya bei rahisi iliyofungwa isirushe sauti nje ya masafa tuliyoruhusiwa kwa leseni ya Mwalimu Makokha, ingawa kusikiliza kwingine inakubali. Mimi siongei sana, nasoma, na muhula huu mwanaklabu mwenzangu Komakech alinicheka mbele ya wote, "Msomi wetu, hicho kitabu chako kinafungua nini?" basi nikashika vitufe viwili vya redio kama kitabu chake kilivyoelekeza, nikaiwasha, kizuizi kikaondoka, na klabu nzima ikanipigia makofi. Sasa Komakech anaingia kwenye masafa ya walinzi wa ghala moja na kusema kwa sauti nzito, "Lango la pili, fungua, bosi anaingia, ova," na wiki iliyopita mlinzi akajibu, "Sawa afande, nimefungua." Walicheka hadi machozi. Nikasema hairuhusiwi, wakanijibu, "Wewe Abalo, kama redio imekubali, imeruhusiwa!" Nimewaeleza mara nne, hata nimewachorea jedwali. Nikimwambia Mwalimu, klabu itafungwa na hawatanisemesha tena. Nikinyamaza, leseni ni yake, naye ndiye atakayeadhibiwa. Nifanyeje?

Abalo, Nakawa

Abalo mwanangu, jedwali! Mlinzi anafungua lango kwa mzaha wenu, nawe unachora jedwali. Mwizi akiingia, atakayefukuzwa kazi ni huyo mlinzi, si Komakech.

Naelewa utamu wa makofi kwa mtu asiyezoea kupigiwa. Lakini barua yako inamlalamikia Komakech, na vidole vilivyobonyeza ni vyako. Mashine haijui nani ana ruhusa. Ruhusa iko kwenye leseni, na leseni ina jina la mtu aliyewaamini.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, mwendee Mwalimu. Anza na "Mimi ndiye niliyeifungua." La Komakech lifuate. Ulimi ukikataa, mpe karatasi, kuandika unajua. Rudisheni kizuizi mkiwa pamoja, redio ibaki kwake, na mwombe ampigie simu mkuu wa walinzi siku hiyo hiyo, yule mlinzi asiendelee kumfungulia kila anayejiita bosi.

Huenda klabu ikafungwa. Huenda wasikusemeshe hadi muhula uishe. Nenda hivyo hivyo.