Mkono Uliomshika Kinyonga

Malolo, Ruangwa
11 Machi 1949

Kwa dada yangu Sabaha, Nambambo, Nachingwea

“Mwanamke aliyemfuga kinyonga na kumpandisha juu ya mimba hafunguki. Mtoto atakwenda mbele hatua moja, arudi nyuma mbili, kama mnyama yule, mpaka wachoke wote wawili. Mimi simgusi, na wakunga niliowafundisha hawamgusi.”

Hayo, dada, ndiyo maneno uliyomwandikisha Mwalimu Stefano juma lililopita. Nitayajibu yote. Lakini sikulelewa kuanza ugomvi kabla ya salamu, kwa hiyo kwanza shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, nyumba haijavuja kwa mvua hizi, na shemeji anaendelea vema. Ukituuliza sisi, adabu ya barua inataka niseme hatujambo. Hatujambo, isipokuwa binti yangu Mwamini.

Mwalimu Stefano, sehemu hii msomee polepole, wala usiilainishe kama ulivyozoea. Kinyonga hana sumu. Hana mwiba, hana mate ya kuua. Wako watu waliompasua, wakampima, wakaandika, nami nimewasoma. Kule kusitasita kwake ni ujanja tu wa kufanana na jani linalotikiswa na upepo. Kuna uhusiano gani na tumbo la binadamu? Mbuzi wa jirani yangu wanakula vichaka wanavyolala vinyonga, na mwaka huu watatu wamezaa mapacha. Mnasema Mungu alimtuma kuleta habari ya uzima, akachelewa njiani, ndiyo maana tunakufa. Haya, tarishi alichelewa. Mjukuu wangu ana kosa gani? Wewe uliyezalisha nusu ya wilaya, uliyekata vitovu vya watoto wa majumbe na wa makarani, unamwogopa mnyama wa urefu wa kidole?

Nimekwisha jibu, na nimeshinda. Sasa nikueleze ushindi huu umenifikisha wapi.

Miguu ya Mwamini imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tangu Jumatatu kichwa kinamuuma, na mchana kweupe anasema anaona cheche. Kwa hesabu yake zimebaki siku nane au tisa. Mumewe Mohamedi yuko Mtwara kwenye kazi za bandari, barua zangu hazijui pa kumkuta. Nilimwita Swaumu, mkunga wetu, ambaye ni mwanafunzi wako. Alifika mpaka ukingo wa ua, akasalimu, akauliza maswali kutoka pale pale kama mtu anayeuliza njia. Nilimsihi aingie. Akasema, “Bila neno la Bi Sabaha, kizingiti hiki sikivuki.”

Nikasema basi, tumpeleke hospitali ya misheni. Lori halipiti, barabara imekuwa bwawa, kwa hiyo ni machela, siku mbili. Wanaume wanane wanatakiwa wa kupokezana. Nimepata watatu. Wengine wanasema wake zao hawatawafungulia mlango wakiisha kuweka bega chini ya mti wa machela ile. Shaban, rafiki yangu wa miaka yote, aliinamisha kichwa, akaniambia, “Karani, wewe tungekubeba hata mpaka Lindi. Yeye, hapana.”

Unajua jinsi mnyama huyu alivyoingia nyumbani mwangu, lakini hujui yote. Mwaka jana, nilipokuwa karani wa stoo kule Nachingwea, mashine zilikuwa zinaangusha pori kwa ajili ya karanga. Kila mti ulipolala vinyonga walimwagika, na vibarua walikimbia kuliko wanavyomkimbia nyoka. Trekta moja lilisimama asubuhi nzima kwa sababu kinyonga mmoja alipanda kwenye usukani. Nilicheka sana. Nikaandika makala, nikawaita watu wetu watumwa wa hadithi za bibi zao, na gazeti likaichapa. Nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika penye mikunjo. Mwezi wa Desemba nilirudi Malolo na kinyonga mchanga ndani ya kikapu chenye kifuniko, rangi yake kama ganda la ndizi mbichi. Nia yangu ilikuwa kuwafundisha watu.

Basi nikawafundisha, kila jioni, mbele ya duka, gazeti mkononi na kikapu pembeni. Ijumaa moja ya Februari, baada ya sala, Shehe, yule mkulima wa ufuta, alisimama mbele ya watu wote, akasema, “Karani, miezi miwili unatusomea. Leo usisome. Mshike.”

Katika barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba siku ile Mwamini, kwa ukaidi wake, alimshika kinyonga mbele ya watu. Hilo ni kweli, na sijaona mkono wa mtu ukifanya jambo kwa upole kama ule. Hakumkamata kwa juu. Alitanguliza kiganja chini ya kidevu chake, akangoja. Mnyama aliweka mguu mmoja, akautoa, akauweka tena. Vidole vyake vimegawanyika kama koleo. Jicho moja lilimtazama Mwamini, la pili likatutazama sisi. Kisha akapanda mzimamzima, akazungushia mkia kwenye kidole gumba. Mwamini alicheka kidogo, akasema, “Ni baridi. Hana uzito kabisa, kama unyoya wenye kucha.” Akamwacha apande mkono mpaka begani. Kutoka begani mnyama akashuka, akasimama juu ya mimba, akatulia. Wanawake waliokuwa pale walijifunga kanga zao vizuri, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga.

Wewe uliagiza auawe kwa tumbaku, kisha zingojwe siku arobaini ndipo mkunga aingie. Siku arobaini sina, dada. Tumbaku ninayo. Jana asubuhi, mimi niliyeandika makala ile, nilichukua ugoro nikaubandika kwenye ncha ya kijiti, nikamchokoza mpaka akafungua mdomo, nikautia ndani. Alitetemeka, akawa mweusi kuanzia kichwani, akaachia tawi. Nikaenda kumwambia Swaumu kwamba amekufa. Akanijibu kwamba amesikia, na kwamba bado anangoja neno lako.

Niliporudi, Mwamini alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa ameona yote. Akasema, “Baba, hata kumuua hukumgusa.”

Ni kweli. Sijapata kumgusa. Mwalimu Stefano, usiishushe sauti hapa. Najua barazani kwa dada kuna watu, nao wasikie. Miezi miwili nilimlisha panzi kwa kijiti na kumhamisha kwa tawi, nikingoja watu waondoke kwanza. Shehe aliponiambia nimshike, nilinyoosha mkono. Mnyama akafungua mdomo, akapuliza, na mkono wangu ukarudi ndani ya kanzu wenyewe kabla sijaamua. Watu walicheka, dada. Nami nilikuwa nimesimama na gazeti langu. Hapo ndipo Mwamini alipoinuka pale alipokuwa amekaa na wanawake wenzake, akajikongoja na tumbo lake, akafungua kikapu. Alifanya vile ili nisichekwe.

Haijaisha. Shehe aliuliza kinyonga yule ni wa nani hasa, maana anaonekana kumzoea binti. Nami nikasema, “Ni wa Mwamini. Mkaidi huyu, nimemkataza mara ngapi.” Mwamini alinitazama. Kisha akawaambia watu, “Ndiyo, ni wangu.”

Uongo huo ndio niliokuandikia wewe. Umemkataa mwanamke anayefuga kinyonga na kumlaza tumboni. Mwanamke huyo hayupo. Yupo mtoto uliyemzalisha kwa mikono yako na kumlea tangu mama yake alipofariki, aliyemshika mnyama yule mara moja katika maisha yake, muda usiozidi wa kuchemsha chai, kwa kufunika aibu ya baba yake.

Sikuombi tena uamini kwamba kinyonga hana sumu. Amini unavyoamini, uje hivyo hivyo. Kama kuna mkosi, mwenyewe ni mimi. Ninyoeni nywele, chomeni nguo zangu na makaratasi yangu, nipelekeni nikakae porini hizo siku arobaini. Nitakaa, na sitaandika neno.

Wasalimie shemeji na wote wa nyumbani. Mwamini anasema shikamoo shangazi, na anauliza kama bado unaweka mafuta yale ya nyonyo.

Sasa nasema nawe, dada Sabaha, na nanyi Sofia na Sikuzani, wakunga mnaokaa naye mkisikia haya yakisomwa. Barua ya kujibu siitaki. Inukeni, fungeni kanga zenu, mje mmguse mtoto huyu mbele ya macho ya Swaumu na ya wabeba machela. Eusebio aliyeileta barua hii ana baiskeli, na nimemwambia asirudi Malolo bila mmoja wenu nyuma yake.

Ni mimi mdogo wako,
Kaimu