Upindo Nilioukata

S.L.P. 412,
9 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Daktari alisema nini safari hii? Sisi huku hatujambo, ila usingizi mimi nausikia kwa jirani. Kitinda mimba ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, nami nikiwemo.

Gauni la shule ulilomshonea Sisimizi lilifika mwaka jana, nikakushukuru. Sikukuambia nililolifanya. Upindo niliuona mnene, nikaukata kwa mkasi, ukingo nikaubandika kwa gundi. Nikajipongeza. Sasa mtoto amerefuka, gauni limepanda juu ya magoti, na mwalimu amempa wiki moja awe na gauni refu.

Mdogo wangu, msomi wetu wa chuo, akataka kusaidia. Akaongeza kipande cha kitambaa kwa kukibana na stepla. Mtoto alirudi na michubuko magotini.

Nikaenda kwa fundi wa hapa mtaani. Akaligeuza gauni ndani nje.

"Mama, nani kakata hapa?"

"Mimi."

"Aliyeshona alikuachia vidole vinne vya kushusha kidogo kidogo. Hili lingemfikisha darasa la nne."

Akacheka mpaka akavua miwani. Ameunga kipande, rangi imekaribiana tu.

Shangazi, nakuheshimu, lakini nimekasirika, na si kwa sababu ya fundi. Miaka yote niliyokaa kwako, nikigusa sindano unaninyang'anya: "Lete huku, utaharibu, nenda kasome." Haya, nimesoma. Cheti kiko ukutani, na mume wangu anaenda kazini kitovu nje kwa kukosa kifungo kimoja. Samaki hukunjwa angali mbichi. Sisi ulituacha tukauke, tena kwa mapenzi.

Halafu juzi umeandika kwamba lile lilikuwa gauni la mwisho, kwamba tundu la sindano hulioni tena. Barua hiyo siwezi kuisoma mara mbili. Ukifunika cherehani, nani katika ukoo huu atabaki anajua?

Kwa hiyo shule zikifungwa nakuja, na watoto wote wawili na kitambaa. Wewe utakaa kitini, mikono mapajani, uniongoze kwa mdomo. Nikikosea nitafumua. Hata ukiniona nalia, usiipokee hiyo kazi.

Msalimie Bibi, na binamu yangu kinyozi. Mungu akutunzie nuru iliyobaki mpaka nifike.

Mwanao akupendaye hata akinuna,
Mama Sisimizi