Programu Aliyoileta Idd

Nambis, Mbulu

Mpendwa dada Bernadina,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri hapo Hirbadaw, wewe, shemeji na baba. Miguu yake inaendeleaje? Huku baridi imekaza, lakini tunaamka salama.

Unajua kamati ya kigango chetu cha kanisa ilinipa usimamizi wa ujenzi wa zahanati. Bajeti na ratiba ya mafundi zilinishinda kwenye karatasi, nikatafuta programu ya kuzipanga. Zote nilizoziona zinalipiwa kwa dola, kila mwezi. Ndipo Idd, mwalimu wa hisabati aliyehamia hapa kutoka Tanga, akanitafutia moja ya bei ndogo, inayofanya kazi hata mtandao ukikatika. Aliniwekea kwenye simu, akanifundisha kwa subira. Hakutaka hata soda.

Dada, hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mtu anayekupa bila kuomba, anatafuta nini?

Tukatangaza zabuni ya bati. Makadirio yetu yalikuwa siri, tunayajua mimi na Idd tu, lakini mkandarasi mmoja alileta bei iliyolingana nayo kabisa, akashinda. Nilimwambia mwenyekiti wetu, mzee Akonaay, kwamba Idd anauza siri zetu. Akaitwa mbele ya kamati. Hakubishana. Alisema tu, "Marieta, ungeniuliza kwanza." Nikamwondoa kwenye programu, nikabadilisha neno la siri, nikaweka jina la marehemu mama. Hata walimu wenzake wakinisalimia sokoni, nilijiuliza wametumwa na nani.

Jumatatu tulikuwa tunasubiri bei za milango na madirisha. Niliacha simu nyumbani ikichaji, nikarudi kuifuata. Nikasikia sauti jikoni. Xavery, mdogo wetu, alikuwa ameishika simu yangu, na kwa simu yake akimsomea mtu makadirio yetu. Jina la mama alilijaribu, likafungua.

Alilia. Alikiri kwamba hata makadirio ya bati ni yeye aliyeyatoa. Alisema mkandarasi alimwahidi kazi ya udereva wa lori, na kwamba hakuona nani anaumia. Nikamwambia, "Ameumia Idd." Baadaye akaniomba ninyamaze, nisimwaibishe baba.

Dada, nimeshamtaja. Jana, mbele ya kamati nzima, naye amekaa pembeni yangu. Mkandarasi ameondolewa, na bei zitaitishwa upya. Nilikwenda kwa Idd kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akasema amesamehe, ila nisimwombe tena msaada wowote.

Tafadhali mweleze baba wewe, taratibu, kabla hajasikia kwa watu kanisani. Xavery atapanda basi Jumamosi kuja kwako, maana hapa hawezi tena kutembea barabarani. Mpokee, mpe chakula, ni wetu. Lakini simu yako usiiache mezani. Naona aibu kuandika hivyo juu ya mdogo wetu, na bado naandika.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Mdogo wako akupendaye,
Marieta